Uso Ambao Zena Hakuujua

Kama umejifungua juzijuzi na ugonjwa umekugeuza sura, keti unisikilize. Dawa sina, dawa waulize waliosomea. Nitakueleza tu jinsi nilivyoogopa, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeniambia kwamba hofu ile ina mwisho. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani niliyekataliwa na mtoto wangu mwenyewe wa kunyonya.

Zena ni mwanangu wa kwanza. Nilimzaa kijijini kwetu, kaskazini ya Mocímboa da Praia, wakati vita vya kumwondoa Mreno vimekwisha kutuingilia hadi jikoni. Huwezi kwenda mjini bila guia, karatasi ya ruhusa ya serikali, na tropa, askari wa Mreno, wakikukuta huna, utajuta. Mume wangu Selemane alikuwa amevuka mto Ruvuma kwenda Tanzania tangu mimba ina miezi sita. Nilibaki na mama yake, Bi Amina, na dada yake Sauda, wifi yangu. Sauda naye alikuwa mjamzito, mume wake kavuka pamoja na wangu, na sisi wawili tulikuwa tukitaniana nani atatangulia. Nilitangulia mimi kwa siku tisa. Wake aliishi wiki mbili, tukamzika.

Siku zangu arobaini nilizikaa kwa raha, nisiseme uongo. Bi Amina alinikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga. Kila asubuhi nilijipaka msiro. Ni kijiti tunachokisaga juu ya jiwe kwa maji mpaka kitoe uji mweupe, mwanamke anajipaka uso mzima na kushinda nao. Unalainisha ngozi, na mimi nilikuwa na maringo na ngozi yangu. Kwa hiyo uso wa kwanza ambao Zena aliutazama ulikuwa mweupe pe, macho mawili meusi katikati, na nywele nyeusi juu yake.

Watu husema mtoto mchanga haoni. Muongo anayesema hivyo hajanyonyesha. Zena akiwa titini alinitazama mpaka nikaona haya, na hakutazama mdomo wala pua. Alitazama pale paji la uso linapokutana na nywele, palepale, kama kuna kitu kimeandikwa. Nilimwambia, "Unatafuta nini huko juu, chawa?" Alinyonya akaendelea kutazama.

Sikio langu la kushoto lilikuwa likitoa usaha kila masika tangu utotoni, nikalizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Zena alipofika miezi miwili likaanza kuuma kwa namna nyingine. Nyuma ya sikio pakavimba, pakawa pa moto, na homa ikanishika. Bi Amina akanitilia mafuta ya vuguvugu yenye kitunguu saumu. Siku ya nne nilikunywa uji asubuhi, uji ukanimwagikia kifuani.

Sauda akacheka. "Acha kujitia sura hiyo, wifi."

Nikamwambia sijajitia sura yoyote. Aliposikia maneno yanavyotoka, kama mtu mwenye ndizi mdomoni, akaenda kumwita mama yake. Upande wote wa kushoto wa uso wangu ulikuwa umelala. Jicho halifumbi, shavu linaning'inia, mdomo umevutwa kulia. Bi Amina alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, kisha akaanza kutafuta guia.

Guia ilichukua siku nne. Ilikuwa ya mtu mmoja, mgonjwa. Zena hakuwa na karatasi yoyote, kwa hiyo kwa serikali hakuwapo, na asiyekuwapo hapandi lori. Nilimnyonyesha mara ya mwisho nimesimama barabarani, msafara wa tropa unanguruma mbele, kisha nikamkabidhi Sauda, ambaye maziwa yake yalikuwa hayajakauka. Sikumtazama Sauda machoni. Nilikuwa namwonea wivu hata kabla sijaondoka.

Hospitali niliyopelekwa ilikuwa na benchi refu nje ya chumba cha vidonda, na maisha yangu ya miezi mitatu yalipita juu ya benchi hilo. Kwanza sindano, asubuhi na jioni, mpaka nikawa silali chali. Kisha wakaninyoa kichwa chote, wakanipasua nyuma ya sikio, na kila nywele zilipoota wakazinyoa tena. Baada ya hapo utambi. Kila siku ya pili sista alivuta kitambaa kirefu chembamba kutoka katika tundu lile na kutia kingine. Sikuhesabu siku kwa majina yake. Nilisema, bado tambi mbili mwezi uandame. Tangu Zena aniache ni tambi kumi na tisa. Ndivyo nilivyosema, "aniache," wakati aliyeondoka ni mimi.

Usiku jicho lilibaki wazi, likikauka na kuchoma. Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Kimakonde kutoka bara, Mama Paulina, aliyekatwa mguu. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, Kiswahili chake cha kuungaunga na changu cha nusu mdomo, tukaelewana vizuri tu. Kila usiku alinyoosha mkono, akanifumba jicho kwa kidole gumba, akabandika kipande cha plasta. Asubuhi alinibandua taratibu ili kope zisitoke. Hakuna aliyemwomba.

Maziwa niliyakamua kikombeni na kuyamwaga chini ya mpapai. Kikombe kikawa nusu kikombe, kisha vijiko. Siku moja nilimuuliza Mama Paulina, aliyelea watoto saba, kama mtoto wa miezi miwili anasahau.

"Hasahau," akasema. Nikashusha pumzi. Kisha akaongeza, "Anaweka mwingine mahali palepale."

Alikusudia kunituliza, maskini. Sikulala.

Kioo hakikuwapo. Uso wangu niliuona mara moja tu, katika mfuniko wa bati la kuchemshia sindano. Upara, jicho moja kama la samaki wa sokoni, shavu limeshuka. Nikarudisha mfuniko nikaomba radhi kwa sista kama niliyeiba.

Waliponiruhusu, upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza na asubuhi zilikuwa za baridi. Kidonda kilikuwa bado kinataka utambi kila wiki kwa miezi miwili mingine. Nilikuwa na mama mdogo pale mjini, na daktari alisema nikae kwake nitibiwe. Ila niliombewa guia ya kwenda kumchukua mtoto. Siku kumi, si zaidi, na safari hii jina la mtoto likaandikwa.

Nilifika kijijini mchana. Sauda alikuwa amekaa kibarazani, na nilisimama ghafla, maana nilijiona mwenyewe. Alivaa kanga yangu, ameifunga kwa fundo langu la begani, na uso wake wote ulikuwa na msiro. Zena alikuwa mapajani pake, mnene, shingo imara, anachekea kidole cha Sauda. Nilipiga magoti mbele yao nikamwita.

Akageuka akanitazama. Alianza juu, palepale pa zamani, penye nywele, akakuta kitambaa cha hospitali. Akashuka usoni. Nikajaribu kutabasamu. Mwanangu akavuta pumzi ndefu, akapiga ukelele niliowahi kuusikia kwa mtoto aliyeungua, akajificha shingoni kwa Sauda. Sauda naye alilia. Mimi jicho langu la kushoto lilikuwa likitoa machozi kutwa nzima bila sababu, kwa hiyo hakuna aliyejua kama ninalia au la.

Bi Amina alinieleza jioni. Nilipoondoka Zena alikataa titi la Sauda siku mbili, akaanza kulegea. Ndipo Bi Amina akamvika Sauda kanga yangu niliyoivua, haijafuliwa, akampaka msiro kama wangu. Zena alimtazama kidogo, akanyonya. Tangu siku hiyo Sauda hakuthubutu kuuosha uso wake mbele ya mtoto. Alijipaka kabla ya mtoto kuamka, na usiku alinyonyesha gizani.

"Tulifanya apone," akasema Bi Amina. "Usituone wabaya."

Sikuwaona wabaya. Niliwachukia kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, kisha nikawashukuru, kisha nikawachukia tena kidogo. Nakwambia ukweli ili yakikupata usijione mchawi.

Lakini Bi Amina alikuwa hajamaliza. Selemane alikuwa ametuma ujumbe kwamba wavuke wote, kwa sababu tropa walikuwa wanahamisha watu na kuwafungia katika vijiji vya uzio. Mwenye kuwaongoza mpaka Ruvuma angekuja baada ya siku nane. Safari ni ya porini, kwa miguu. Mimi na tundu la kichwani nisingeweza.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Ntoto akilia njiani tumekwisha sote, na kwa Sauda halii. Akibaki nawe, anakulilia kutwa, maziwa huna, atanyong'onyea. Na tropa wakija nkakimbilia shambani, sauti yake itawaonyesha nlipo. Ntoto atakwenda na ntu asiyemlilia."

"Nipe hizo siku nane, mama."

"Ni zako. Sikunyang'anyi."

Nikaanza. Siku ya kwanza nilijifunika kanga mpaka machoni, akalia. Siku ya pili Sauda akapata wazo, akanifunga Zena mgongoni nikiwa nimempa kisogo. Nilisimama. Nikatembea uani, mlangoni mpaka kisimani na kurudi, mkono wangu ukimpigapiga matako kwa mdundo wangu wa zamani, mbili za haraka na moja ya pole. Nikahisi shavu lake linalala kati ya mabega yangu. Akashusha pumzi, akasinzia. Mgongo wangu aliujua. Mwendo wangu ulikuwa haujapinda, wala mkono wangu. Nilitembea mpaka miguu ikaniwaka moto, kwa kuogopa kwamba nikikaa ataamka na kuniona.

Basi kwa kujiona mjanja nikafanya kosa. Niliwaza, kama alinijua kwa msiro, nirudishe msiro. Siku ya nne nikasaga kijiti, nikajipaka vizuri, nikafunga kilemba cheusi mahali pa nywele, nikamwendea huku nikimwimbia. Kwa mbali alinyoosha mikono. Nilipomkaribia nikamwita kwa jina, akaanza kutetemeka mdomo.

Mwanamke wa kwetu anajua kwamba msiro ukikauka hutakiwi kusemasema, unapasuka. Upande wangu wa kulia ulipasuka kila nilipotamka neno, mistari huku na huku. Wa kushoto ulibaki laini kama ukuta uliopakwa chokaa leo, na jicho linatazama bila kupepesa. Nilikuwa nimemchorea kwa rangi nyeupe kitu kilekile kinachomwogopesha. Safari hii alilia mpaka akatapika.

Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko. Nikamwambia Sauda amchukue, aende naye, nimechoka kumtesa mtoto wa watu. Nilisema hivyohivyo, mtoto wa watu.

Sauda alileta beseni la maji, akaketi mbele yangu na Zena mapajani, akaanza kunawa uso polepole, mtoto anaona. Nikamwambia, "Sauda, ataogopa, atakukataa na wewe." Aliendelea kunawa. Alikuwa na mtoto huyu mmoja tu wa kumshika, baada ya yule tuliyemzika, na alijua anachokiosha.

Paji la uso likatoka, kisha shavu moja. Zena akakunja uso. Alimtazama Sauda, mdomo ukashuka, akawa tayari kulia. Sauda akasema, "Mimi yuleyule," akanawa upande wa pili. Zena akagusa mahali penye maji, akatazama kidole chake chenye weupe, akatazama tena uso. Hakulia. Kisha Sauda akanipa mimi kitambaa.

Nikanawa. Nikafungua na kilemba. Nywele zilikuwa zimeota kiasi cha punje ya mtama. Zena alitazama huku, akatazama kule, kama mtu sokoni kati ya mafungu mawili ya dagaa. Sauda alikuwa amebakiza msiro puani na masikioni, amekuwa kama paka aliyeingia kwenye unga, nikashindwa kujizuia. Nikacheka. Tangu nitoke hospitali nilikuwa sijacheka bila kuweka kanga mdomoni. Mdomo ulikwenda kulia wote, kushoto hakuna kitu.

Zena aliutazama mdomo wangu kwa muda mrefu. Mdomo wake ukaanza kuhangaika, ukavutika, ukaenda upande mmoja.

Usidhani mambo yaliisha hapo. Kesho yake alinililia mara tatu. Keshokutwa mara moja, na akakubali uji mkononi mwangu. Bi Amina alikuwa anahesabu kimyakimya, nilimwona. Siku ya saba, adhuhuri, watu wakapiga kelele kwamba malori ya tropa yako njiani. Kijiji kizima kikakimbilia mihogoni. Zena alikuwa kiunoni kwangu, na Sauda alikuwa kisimani, akakimbilia upande wa pili.

Tulilala kati ya matuta, mimi na Bi Amina, mtoto katikati. Sikuweza kulalia kidonda, kwa hiyo nililala kwa ubavu wa kulia. Upande uliokufa ukawa ndio uliobaki juu, jicho wazi, mate yananitoka, shubiri moja tu kutoka macho ya Zena. Nisingeweza kugeuka; majani yangetikisika. Nisingeweza kumwimbia. Viatu vya tropa tulivisikia kisimani, wakiita kwa Kireno.

Zena akafungua mdomo. Niliona mkono wa Bi Amina unakuja polepole, kiganja wazi, kuuziba. Tulikuwa tumewahi kusikia habari za mama aliyeziba mdomo wa mwanawe, na hatari ikapita, na akawa na maiti. Nilimwomba Mungu kwa jicho langu lile lile lisilofumba. Mkono wangu ukampiga matakoni, mbili za haraka, moja ya pole.

Zena alinitazama jicho, shavu, mdomo. Kisha akatazama juu, pale paji linapokutana na nywele, akakuta nywele zimeanza kurudi. Akaweka mkono wake hapo. Akafumba mdomo, akabaki ananitazama, na mkono wa Bi Amina ukasimama hewani. Tulikaa vile mpaka malori yakaondoka. Kivuli cha mhogo kilikuwa kimehama kutoka mguuni kwangu mpaka kifuani.

Bi Amina aliinuka, akajikung'uta mchanga, akasema, "Kaa naye." Baadaye nikamkuta anasaga mtama wa uji wa sisi kwenda nao mjini, na machozi yanamtoka.

Sauda aliondoka na mama yake siku iliyopangwa. Hakumbusu Zena, alisema akimbusu hataweza kutembea. Mimi nilipanda lori na guia ya watu wawili. Utambi wa mwisho ulitolewa kusi lilipokwisha. Jicho sasa linafumba nusu, na nikinywa chai bado naweka kidole pembeni ya mdomo. Nimezoea. Wewe pia utazoea, na mtoto wako atazoea kabla yako, kwa sababu yeye hana kioo cha zamani cha kukulinganisha nacho. Mpe mgongo kwanza, kama uso unamtisha. Mpe mkono, umpigepige alivyozoea. Usijifiche muda mrefu. Na aliyemshika wakati hupo, hata ukimchukia kidogo, usimwambie.

Vita viliisha, bendera mpya ikapandishwa, na watu wakaanza kurudi kutoka ng'ambo. Selemane alirudi peke yake kwanza. Bi Amina alikuwa amefariki huko. Sauda alirudi baada ya mvua. Alifika mjini hajui nyumba yetu, hana wa kumuuliza. Mimi nilikuwa ndani napepeta mchele nikasikia hodi. Alikuwa mlangoni, amekonda, uso mkavu bila msiro, amemshika Zena mkono. Zena, msichana mkubwa sasa, alikuwa ametumwa maji bombani, na ndoo yake ilikuwa kichwani kwa Sauda.

Tulilia kwanza. Kisha nikamuuliza alimjuaje, maana alimwacha hana hata jino, na pale bombani huwa kuna wasichana wengi. Zena aliona haya akacheka. Mashavu yake yote mawili ni mazima, hajaugua sikio hata siku moja, lakini anapocheka mdomo wake huenda kulia wote, kushoto hakuna kitu.

"Walikuwa wanacheka," akasema Sauda. "Nikakujua wewe."